Ubao wa Kukatia Vitunguu

Siku aliyofariki, mume wangu aliondoka asubuhi kwenda kutengeneza gari lililokwama mbali, kibanio chake kikiwa mfukoni. Moyo ulisimama akiwa ameinama kwenye injini ya watu. Nguo zililetwa kwenye mfuko, spana zikaletwa zote. Kibanio hakikuonekana.

Mafundi wenzake walimwita Milimita. Kibanio kile alikitengeneza mwenyewe: kipande cha plastiki nyeupe chenye meno pande mbili, cha kuingia katikati ya gia mbili za kemshafti, mihimili inayofungua vali, ili gia zisicheze wakati mkanda unaozizungusha unabadilishwa. Zikihama jino moja tu, vali zinagongana na pistoni, na injini imekwisha. Plastiki yenyewe aliikata kutoka kwenye ubao wangu wa kukatia vitunguu, nao wa plastiki, bila kuniomba. Nilimwita mwizi. Akacheka, akaninunulia ubao mwingine wa aina ileile. Kwa ukaidi niliuweka juu ya kabati bila kuufungua, nikaendelea kutumia ule wenye pengo ili kila akiingia jikoni aone haya. Hakuona haya hata siku moja.

Mwezi wa pili baada ya mazishi, mkunga alileta gari lake. Mkanda ulikuwa umejaa nyufa. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliyebaki na gereji, alikuja jikoni akaketi.

"Shemeji, gari la mkunga nalirudisha. Na gereji naifunga, nitafute kazi ya kuajiriwa."

"Kwa ajili ya mkanda mmoja?"

"Bila kibanio nitakuwa nabahatisha. Kaka hakuwahi kubahatisha. Nikiua injini ya mkunga, nani ataniletea gari tena? Nusu ya mji huu imezaliwa mikononi mwake."

"Hata wewe alikupokea yeye. Kumbe naye hukosea."

Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha macho yake yakaganda mikononi mwangu.

"Hebu nipe huo ubao."

"Si unaona nakata kitunguu?"

"Shemeji, nipe."

Akaufuta, akapitisha kidole ndani ya pengo. Meno yalikuwemo yote, upande huu na upande ule. Miaka sita nilikuwa naona pengo tu.

"Lakini msumeno umekula pembeni," akasema. "Nikichora humu, kitatoka kikubwa kuliko kile."

"Kikubwa si kinapigwa tupa? Kidogo ndicho hakina dawa."

Nikapanda kiti, nikaushusha ubao mpya, nikauchana mfuko wake. Mstari niliuchora mimi kwa penseli, yeye akakata. Kupiga tupa kulichukua siku mbili. Kila akijaribisha, kilikwama, wala hakujua pa kupunguza.

"Kaka yako alikuwa anapaka gia grisi," nikamwambia. "Anakigandamiza, anakitoa. Penye grisi ndipo pa kupiga tupa."

"Umejuaje?"

"Nilikuwa nimesimama pale namgombeza."

Siku ya tatu asubuhi kiliingia. Hakikulazimishwa. Shemeji alishika gia kwa mikono miwili akajaribu kuizungusha, haikutikisika. Akabadilisha mkanda, akakitoa kibanio, kisha akaizungusha injini kwa spana, polepole, mizunguko miwili kamili. Alama za kwenye gia zilipotea, zikarudi, zikakutana, mstari kwa mstari.

Niliona vinyweleo vya mkono wangu vimesimama. Mtu yuko chini ya udongo, na kipimo chake kilikuwa jikoni kwangu muda wote, kila siku nakiosha kwa sabuni, na hakikupungua hata unywele.

"Milimita," shemeji akasema kwa sauti ya chini, kama anayemwita.

Mkunga alipokuja aliwasha gari, akasikiliza, akauliza kama kweli limewaka.

Gereji inafunguliwa saa mbili asubuhi. Kibanio kinaning'inia kwenye msumari karibu na mlango. Mbao zangu sasa zote mbili zina pengo, na vitunguu nakatia kwenye ule wa zamani.