Kuhesabu Pumzi za Mwishehe

Watu wa Dutumi walikuwa wakinipa pole kwa ajili ya mkoromo wa mume wangu. Walikosea. Mkoromo haukuninyima usingizi hata siku moja. Mkoromo ulikuwa habari njema, maana anayekoroma anapumua. Kilichonitoa roho ni pale ulipokatika.

Mwishehe alikuwa akikoroma vizuri tu, mara anakwama. Kifua kinahangaika, lakini hewa haiingii wala haitoki. Mimi niko ubavuni mwake nahesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu. Nikifika kumi na tano, nainuka nikakaa. Nikifika ishirini na tano, namfinya kwapani kwa nguvu zangu zote, naye anashtuka, anavuta hewa kama mtu aliyeopolewa kisimani, halafu ananiuliza kwa hasira, "Unanifinyia nini? Hata sijalala bado." Dakika mbili hazipiti, anaanza tena.

Tulipokuwa tukiishi peke yetu kwenye shamba letu la mikorosho, jambo hilo lilikuwa letu wawili. Mwaka 1974 tukahamishiwa kijijini, nyumba zikapangwa mstari mmoja, ukuta wa jirani yetu Mwinyijuma hatua kumi kutoka kwetu, na mkoromo ukawa wa kijiji kizima. Watoto walimwigiza njiani wakienda shule, yeye akicheka. Alikuwa mtu mnene, shingo fupi, tumbo limetangulia, dereva wa trekta la kijiji, na watu waliuona unene ule kuwa ni mambo kumnyookea. Mimi nilisifiwa kwa kumtunza. Sitakataa, sifa hizo nilizipenda, na mara nyingi nilimwongezea kipande kutoka sahani yangu ili nizidi kusifiwa.

Mwaka 1977, msimu wa kulima mpunga, alilala juu ya trekta. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua limeshawaka. Trekta lilitoka shambani polepole, likapanda kichuguu, likazimika huko juu, naye kaegemea usukani anakoroma. Waliocheka walicheka. Mimi nilikaa kwenye tope, kwa sababu upande wa pili wa kichuguu kile walikuwa wamepumzika wanawake sita na watoto wao. Siku hiyo hiyo mwenyekiti wa kijiji alimwondoa kwenye trekta na kutuandikia barua ya kwenda hospitali.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimlaza kitandani mchana, akavuta kiti, akasikiliza. Mwishehe hakuchelewa kulala. Baada ya muda daktari akanigeukia, akasema, "Unayoyasema nimeyaona, mama."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu mwingine kuyaona. Nililia mbele yake bila kuona haya. Alinieleza kwamba nyama za shingo zinaibana njia ya hewa mtu anapolegea usingizini. Kwamba mume wangu hajalala sawasawa kwa miaka, ndiyo maana usingizi unamwangusha mchana popote. Na kwamba moyo nao unachoka.

"Apungue," alisema. "Kilo ishirini, na zaidi akiweza. Asilale chali. Asipopungua, mama, iko siku utamfinya na hatashtuka."

Tulimpima kwenye mizani ya korosho ghalani: kilo mia moja na kumi na nne. Nikachukua kidaka, kile kinazi kichanga kinachodondoka kabla ya wakati wake, nikakishonea mgongoni mwa fulana yake ili akigeuka chali kimchome. Ugali nikaukata nusu. Tui nikaacha kutia kwenye mboga. Kila alfajiri baada ya sala nikawa namtoa tukatembee hadi mtoni na kurudi, yeye akinung'unika kila hatua.

Ambacho daktari hakukijua ni baraza la Mwinyijuma. Kwetu wanaume hawali ndani peke yao. Kila nyumba inatoa sinia lake, masinia yanapangwa mkekani, na kila mtu anakula kwa kila mtu. Ukiliruka sinia la jirani, umesema mkewe hajui kupika, au vibaya zaidi, umesema unauogopa mkono wake. Basi mume wangu alikula nusu ugali wangu kwa uaminifu, kisha akala masinia manne ya wenzake kwa adabu.

Nilimwendea Mwinyijuma nikamwomba amsaidie kujizuia. "Mama Sikudhani," akaniambia, "mimi nimkataze mtu kula kwenye mkeka wangu? Kesho nitamtazama usoni vipi?"

Hata hivyo alipungua kidogo. Mashavu yakalegea, suruali ikataka kamba. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kisimani wanawake walinyamaza nikifika. Mmoja aliniuliza kama nimeshapata wa kunioa, maana huyu niliye naye namwandalia sanda. Maneno yakasafiri mpaka Kisarawe, kwa dada yake Mwishehe, Tatu.

Wifi Tatu aliingia na vikapu viwili na kuku kwapani. Ni mkubwa kwa Mwishehe kwa miaka mingi. Mama yao alipofariki, ni yeye aliyemlea, na mwaka mmoja wa njaa alimvusha kwa mihogo aliyokuwa akimwachia, huku yeye mwenyewe akinywa maji.

"Shikamoo wifi," nilimwambia.

"Marahaba. Mdogo wangu umemfanya nini?"

Nikamkalisha, nikamweleza yote, shingo, hewa, daktari. Alinisikiliza hadi mwisho, hilo namshukuru. Kisha akasema, "Mtu anakufa kwa kushiba? Mimi nimewaona wanaokufa, wifi. Wote walikuwa na njaa."

Kuanzia siku hiyo jiko likawa lake. Ukawa ubwabwa wa nazi, ukawa mkate wa kumimina, ukawa kuku. Alilala chumba cha uani, akisikia mkoromo tu, na mkoromo ulimpa raha. Miezi miwili haikupita, suruali ikaacha kutaka kamba. Nilimchukia Tatu, naomba radhi kusema hivyo. Mwishehe nilimchukia zaidi, kwa sababu alikuwa na furaha. Nilipomwambia kwamba atakufa aniache, alinipapasa bega akasema, "Mama Sikudhani, mimi nalala fofofo. Mtu angekosa pumzi si angejua mwenyewe?"

Nilikuwa nimekata tamaa ya kumfanya anisadiki. Mtu aliyelala hajisikii, na mimi sikuwa na namna ya kumsikilizisha.

Ijumaa moja alirudi msikitini na kichwa kizito. Tatu alikuwa amepika wali na samaki wa nazi. Mwishehe alikula, akaona joto, akaivua ile fulana yenye kidaka, akajilaza chali mkekani ukumbini. Mimi maji yalikuwa yameisha, nikabeba ndoo nikaenda kisimani. Tatu akabaki kando yake akichambua mchele.

Ndoo ilikuwa imejaa nusu niliposikia ukunga wa kilio. Nyumba za kijiji zile zote zilifanana, lakini sauti ya wifi yangu niliijua, na nilijua imetoka mlangoni kwangu. Sikumbuki kuiacha ndoo. Nakumbuka nilikimbia nikijilaani, kwamba miaka yote ile nimehesabu, na siku yenyewe nimekwenda kuteka maji.

Nilipofika, watu wamejaa kuanzia uani mpaka ukumbini. Wanawake wameshika vichwa. Mwinyijuma ameshika koleo, sijui alitaka kulifanyia nini. Na katikati, mkekani, amekaa marehemu, macho mekundu, anauliza, "Nani amekufa? Jamani, nani?" Tatu alikuwa amelala kifudifudi miguuni pake, hawezi kunyamaza. Alikuwa amemwona ananyamaza, akasubiri, akasubiri, akapiga ukunga. Na ukunga wenyewe ndio uliomwamsha.

Watu wakaanza kucheka, kile kicheko cha kutua mzigo. Hapo akaingia Tereza.

Tereza ni Mnyamwezi, mjane wa mkata mkonge aliyebaki kwetu baada ya mumewe kuzikwa, na kisimani yeye peke yake ndiye aliyewahi kuniuliza jinsi pumzi za Mwishehe zinavyokatika. Wanyamwezi na sisi Wazaramo ni watani, na mtani msibani ana kazi yake: humwigiza marehemu alivyotembea na alivyosema, mpaka wafiwa wacheke katikati ya kilio. Afanye atakalo, mtani hakasirikiwi. Tereza alimtazama Mwishehe aliyekaa, akashika kiuno.

"Nimeacha maharage yangu jikoni kwa ajili ya msiba," alisema. "Sirudi hivi hivi. Marehemu, sogea."

Akamsukuma Mwishehe kando, akachukua mto akauingiza ndani ya gauni tumboni, akajilaza chali mahali pale pale. Akaanza kukoroma. Watu waliangua kicheko, maana ulikuwa mkoromo wenyewe, wenye kupanda na kushuka, na Mwishehe mwenyewe alicheka mpaka akajipiga mapaja. Kisha Tereza akakwama.

Alikwama sawasawa, mdomo wazi, kifua kinahangaika. Mwanzoni walizidi kucheka. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu bila kujijua, na nadhani nilihesabu kwa sauti, kwa sababu watu walinigeukia. Kumi. Kicheko kikapungua. Kumi na tano. Uso wa Tereza ulikuwa unabadilika rangi. Ishirini. Hapakuwa na anayecheka. Tatu aliinua kichwa akasema, "Mwambieni aache." Tereza hakuacha. Ishirini na tatu, na Mwishehe akapiga magoti, akamshika mabega, akamtikisa akipiga kelele, "Tereza! Pumua! Pumua, we mwanamke!"

Tereza akavuta hewa, akakohoa, akakaa akijifuta machozi.

"Nimeshindwa," alimwambia. "Wewe, marehemu, unafika mbali zaidi. Muulize mkeo."

Mwishehe alinigeukia. Sijawahi kumwona mtu mzima ana sura ile. "Ndivyo?" aliniuliza. "Kila siku?"

"Kila siku," nilimjibu. "Mara nyingi kwa siku."

Aliiokota ile fulana yenye kidaka, akaivaa mbele ya watu wote.

Safari haikuwa fupi. Ramadhani ya mwaka ule peke yake, kwa futari za kijiji kizima, kilo nne zilirudi. Lakini barazani sasa Tereza alikuwa akipita kila jioni, anakaa pembeni ya mkeka, na mkono wa Mwishehe ukielekea sinia la tatu, anamnyang'anya tonge akisema, "Marehemu hali." Hakuna mke wa mtu aliyetukanika, kwa kuwa mtani ndiye aliyezuia. Tatu alibaki kwetu muda wote huo. Alimpikia mchicha na mihogo ya kuchemsha bila nazi, akimkatia vipande vidogo kuliko nilivyothubutu kumkatia mimi, na kila alipomkatia alikuwa akifuta macho kwa upindo wa khanga. Kwake yeye kumnyima Mwishehe chakula kulikuwa ni kazi kuliko kulima.

Korosho za mwaka uliofuata zilipoletwa ghalani, mizani ilisoma kilo themanini na tisa. Mwenyekiti alimrudishia trekta. Na usingizini alikuwa kimya, si kimya kile cha zamani, bali kimya chenye pumzi ndani yake. Mimi niliendelea kuhesabu. Sikuweza kuacha. Nilimsikiliza hivyo hivyo kwa miezi, yeye akiamka mwepesi na mimi nikiamka nimechoka.

Siku moja baada ya chakula cha mchana nilijinyoosha kidogo tu ukumbini nikichambua mboga. Nilipofumbua macho, jua lilikuwa limefika ukuta wa pili, mtu amenifunika khanga, na jikoni Tatu anapika taratibu bila kugonganisha hata mwiko. Mwishehe alikuwa amekaa chini ubavuni mwangu. Kwenye trekta hakwenda. Mkono mmoja alikuwa anafukuza nzi, na midomo yake ilikuwa inacheza.

"Unafanya nini?" nilimuuliza.

Alininyamazisha kwa kidole mpaka amalize.

"Elfu moja mia sita na nne," alisema. "Hujakosa hata moja. Lala tena, mama Sikudhani, mimi nipo."

Nikageukia ukutani nikalia, kisha nikalala tena mpaka adhana ya magharibi.