Kitabu cha Kutoka Saa Kumi

Kwa miaka mitatu Émérance alipiga pasi mashuka ya hoteli moja karibu na ziwa. Aliingia saa moja asubuhi. Mukataba ulisema atoke saa kumi, lakini hakuna siku mashuka yaliisha saa kumi. Alipofika kwake Majengo miguu ilikuwa imevimba na watoto wameshakula bila yeye. Mwisho wa mwezi, mushahara ulikuwa uleule.

Alipomuuliza gérant, musimamizi wa hoteli, Papa Rodrigue, juu ya masaa yale ya ziada, alijibiwa: "Huko inje kuna watu mia wanatafuta hii kazi yako."

Ndipo akapeleka malalamiko kwa inspection du travail, ofisi ya serikali inayolinda haki za wafanyakazi. Hakumwambia mutu, isipokuwa Marie-Claire, mwenzake wa meza moja, aliyemusimamia mutoto wake wa mwisho kwenye ubatizo. Marie-Claire akaendelea kukunja mashuka. Émérance alifikiri ni woga tu.

Juma lililofuata inspecteur akafika, mama mwenye miwani aliyeitwa Mahoro. Aliwaita Émérance na Marie-Claire ndani ya bureau ya gérant, akaomba kitabu cha kuingia na kutoka. Papa Rodrigue alikileta mbio, kama mutu aliyekuwa anangoja kuombwa.

"Soma mwenyewe, mama," inspecteur akamwambia Émérance.

Jina lake lilikuwepo. Kutoka: saa kumi. Kesho yake, saa kumi. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine: miezi mizima, saa kumi. Hata ile siku aliyoungua mukono kwa pasi, jua likiwa limeshazama, kitabu kilisema alikuwa ameshaenda nyumbani. Alitaka kusema ni uongo, lakini mwandiko ule aliujua. Aliuona kila asubuhi kwenye orodha ya mashuka, pale mezani pao.

"Marie-Claire, ni wewe uliandika hii?"

"Ni miye."

"Tunatoka pamoja! Tunapanda njia moja mpaka Majengo, kumbe uliandika hii?"

"Papa Rodrigue alinipa kitabu niandike saa kumi kila siku, na alisema nikikataa atatufukuza wote wawili." Marie-Claire alikuwa analia. "Angalia chini ya jina lako, ndugu yangu. Na miye nilijiandika saa kumi."

Émérance akaangalia. Ilikuwa kweli. Akakaa kwenye sakafu, kitabu mapajani.

"Marie-Claire anajitungia hayo," Papa Rodrigue akasema.

"Ngoja kwanza, papa." Inspecteur alimgeukia Marie-Claire. "Utayasema hayo niyaandike kwenye procès-verbal ya ushahidi, utie na sinyatire chini ya maneno yako?"

Marie-Claire alimtazama gérant, kisha akamtazama Émérance pale chini.

"Nitatia."

Baada ya miezi miwili hoteli iliwalipa masaa ya ziada ya mwaka mmoja. Ya miaka mingine miwili ilikataa, na kesi bado iko kwa tribunali. Papa Rodrigue alihamishwa. Siku hizi, ikifika saa kumi, wanazima pasi na kutoka, na ikibidi wabaki, wanaandika wenyewe saa ya kweli.

Bado wako meza moja. Juzi, yule mutoto aliyemusimamia kwenye ubatizo alipokuwa mugonjwa, Marie-Claire aliuliza kama homa yake imepungua.

"Imepungua," Émérance akajibu. Akachukua shuka lililofuata, bila kumtazama.