Shemeji wa Kompyuta

Mimi ni fundi wa mafriji. Diploma yangu iko sebuleni ndani ya fremu, juu kidogo ya kompyuta ya mke wangu, ili anayeingia ajue nyumba hii ina mtaalamu. Sasa fikiria nilivyojisikia siku mke wangu alipompigia simu mtaalamu mwingine.

Kompyuta ilikuwa inajizima. Mama watoto anafundisha ushonaji chuoni, na alikuwa anaandika kitabu cha wanafunzi wake. Mkuu wa chuo alikitaka Ijumaa, la sivyo kazi apewe mwalimu mwenzake, yule anayeshona kwa mdomo. Basi anaandika hivi, yuko kwenye kola, tap! Skrini nyeusi. Ikiwaka inamletea maneno yaleyale: "Mfumo haukuzimwa ipasavyo. Diski inakaguliwa." Anakaa anaangalia asilimia zinatambaa mpaka mia. Anaanza kola upya. Anafika kwenye mkono, tap!

"Hebu niiangalie mimi," nikamwambia.

"Wewe? Juzi uliifuta vumbi kwa brashi ya viatu."

"Brashi yenyewe ilikuwa mpya."

"Asante, baba watoto. Nimeshampigia Katibu."

Katibu alisoma naye sekondari. Yeye alikuwa katibu wa darasa, mke wangu kiranja. Siku hizi ana ofisi ya kutengeneza kompyuta, na mashati yake ni ya mtu ambaye hajawahi kulala chini ya friji ya mtu.

"Kiranja!" alisema mlangoni.

"Katibu!"

Wakacheka kicheko cha watu wenye miaka ambayo mimi simo. Halafu akanigeukia. "Shemeji, hujambo?"

Shemeji! Mtu hukumwona kwenye posa, hukumwona kwenye harusi, leo kaja na bisibisi anakuita shemeji.

Nikaenda jikoni, nisije nikaonekana nawabana. Kati ya jikoni na sebule kuna pazia tu. Tatizo lilikuwa friji yangu. Ilikufa mwaka jana nikaifufua kwa kompresa, ule moyo wa friji, niliyoitoa kwenye friza la bucha. Inagandisha mpaka nyanya. Ila ikianza kazi inanguruma kama lori linapanda mlima, na kwa kelele hizo mwanamume hawezi kusikia kinachosemwa kwenye makochi yake mwenyewe. Nikaizima.

Hapo nikasikia vizuri.

"Unakumbuka ulivyokuwa unaniandika kwenye orodha ya wapiga kelele?"

"Na ulistahili! Kila siku wa kwanza!"

Kicheko tena. Kompyuta ilikaa saa mbili nzima bila hata kukohoa. Katibu akanywa maji yangu ya baridi glasi mbili, akaondoka. Nikawasha friji. Kesho yake asubuhi, mama watoto hajamaliza ukurasa, tap!

Katibu akarudi. Nikazima friji. Kompyuta ikatulia.

"Umeona?" nikamsikia mke wangu anamwambia. "Wewe ukikaa tu hapo karibu, yenyewe inatulia."

Kidogo nile pazia.

Kabla Katibu hajaja mara ya tatu nilivaa shati la harusi, lile jeupe. Mke wangu akanitazama juu mpaka chini.

"Unakwenda wapi?"

"Jikoni."

Alhamisi ikawa mara ya nne, na kitabu kilikuwa kimebaki sura moja. Safari hii Katibu alikuwa amemwagiza mke wangu aandike saa za kila kuzima. Mimi niko nyuma ya pazia, mkono mmoja juu ya friji, friji imezimwa kama kawaida. Akaanza kusoma kwa sauti.

"Saa tatu na dakika kumi. Saa tatu na arobaini na tano. Saa nne na ishirini. Saa nne na hamsini na tano... Kiranja, hii ni kila dakika thelathini na tano. Kama saa ya ukutani!"

 Friji yangu inafanya kazi dakika kumi na tano, inapumzika ishirini. Nilipima mwenyewe, nikawatangazia mezani kwa majivuno, watoto wakapiga makofi.

Nikainama kuangalia waya. Soketi ya jikoni iliungua mwaka jana, nikaahidi nitaibadilisha kesho. Kesho hiyo haijafika. Kwa hiyo nilipitisha ekstensheni chini ya zulia mpaka soketi ya sebuleni, ileile inayolisha kompyuta. Kompresa ya bucha ikishtuka inameza umeme kwa funda moja, na kompyuta inabaki na njaa, inazimia. Na kila Katibu akija, nani alikuwa anazima friji? Mimi. Nilimfanya mtu wa miujiza kwa kidole changu mwenyewe.

Nikajiambia, nyamaza. Badilisha soketi kimyakimya, nani atajua? Nikaanza hata kutabasamu. Ndipo Katibu akasema:

"Nimebadilisha kifaa kimoja cha umeme humu ndani, labda sasa imepona. Ila kwa usalama, njoo umalizie ofisini kwangu. Kuna meza, kuna feni, kuna utulivu."

"Kweli," mke wangu akasema. "Ngoja nikusanye karatasi zangu."

Yaani nikinyamaza, sifa ni zake na mke yuko kwenye feni yake. Aibu ya soketi ningeibeba. Hii nyingine, hapana. Nikafunua pazia.

"Mke wangu, fungua kitabu. Andika neno lolote, kisha uhifadhi."

"Baba watoto, tuko kazini."

"Hifadhi kwanza."

Akahifadhi. Nikarudi jikoni, nikabonyeza. Lori likapanda mlima. Tap!

 Katibu akaangalia skrini, akaangalia zulia, akalifunua, akaufuata waya kama mtu anayefuata sisimizi, mpaka miguuni kwangu.

"Shemeji! Ni friji!"

"Ni kompresa," nikamsahihisha. "Ya bucha."

Mke wangu alinikazia jicho, na hapo nikamwelewa Katibu alivyoteseka sekondari.

"Mbona haijawahi kuzima Katibu akiwepo?"

"Nilikuwa naizima friji."

"Kwa nini?"

Katibu ghafla akawa na shughuli nyingi na bisibisi yake.

"Inapiga kelele."

"Uko jikoni peke yako, inakukatisha mazungumzo gani?"

 "Nilikuwa nataka kujua kwenye ile orodha ya wapiga kelele wa pili alikuwa nani."

Mke wangu akaziba mdomo kwa karatasi. Mabega yakaanza kutikisika. "Na shati la harusi, nalo ni la kusikilizia?"

Katibu akashindwa kabisa, akakaa chini kwenye zulia akacheka. Mimi sikucheka. Halafu nikacheka, kidogo.

"Soketi ya jikoni naitaka leo," mke wangu akasema akifuta machozi. "Na hiyo friji isiwake mpaka nimalize sura ya mwisho. Hapahapa."

"Na nyama je?"

"Ulipokuwa kwenye pazia hukuikumbuka nyama."

Alisema hapahapa. Mengine yote nilisamehe.

Kufikia saa tisa soketi ilikuwa mpya, na mama watoto alikuwa anaandika bila kukatishwa, mimi nikimsomea vipimo vya suruali kutoka kwenye daftari lake. Katibu akafunga begi.

"Shemeji, nipatie yale maji ya baridi kabla sijaondoka."

Nikafungua friji. Ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Nikamjazia glasi kubwa kuliko zote, ya uvuguvugu mzuri kabisa. Akainywa yote, kwa adabu.

"Karibu tena," nikamwambia. "Ila upige simu kwanza. Kwangu."