Ua Wenye Kitambi

"Usiniambie tena kwamba ua wako hauna tundu!" Mama Pacha alisema, akinyanyua kabichi kwa mzizi kama mtu aliyeshika kuku aliyechinjwa. "Kama hauna tundu, hii imeliwa na nani? Na upepo?"

"Nimeuzunguka mara tatu leo asubuhi," mumewe alijibu. "Mara tatu, mke wangu. Kwa magoti."

"Uzunguke mara ya nne."

"Nikiuzunguka mara ya nne ndiyo tundu litazaliwa?"

"Litazaliwa, lisizaliwe, mimi sijui. Ninachojua kabichi kumi na nne zimekwenda usiku mmoja na kesho kutwa ni Jumatatu. Utamwonyesha msimamizi nini? Waya?"

Mumewe, aliyekuwa seremala, alisimama ameweka mkono wa kushoto, ule wenye vidole vitatu, juu ya nguzo ya ua, kama baba anayemtetea mtoto mbele ya mwalimu. Hilo ndilo lililomkera Mama Pacha kuliko maneno yote. Alitaka ugomvi, si huzuni. Huzuni alikuwa nayo ya kumtosha.

Nyumba waliyokaa haikuwa yao. Ilikuwa ya shule ya bweni, vyumba viwili na jiko, na aliyelilisha jiko la shule mboga ndiye aliyepewa funguo. Waliipata baada ya mashine ya randa kumla seremala vidole viwili na karakana kumwambia apumzike, maneno ya adabu ya kumwambia asirudi. Miche ya kwanza ililiwa na sungura mpaka vikonyo. Msimamizi wa shule alikuja, akatazama, wala hakufoka. Angefoka ingekuwa afadhali. Alisema atarudi Jumatatu hii pamoja na mpishi mkuu. Wakikuta vichwa mia vya kabichi vilivyofunga vizuri, familia ibaki. Wasipokuta, funguo ziachwe dirishani, kuna watu wengine wanasubiri.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi vilibaki vichwa mia na ishirini na tatu. Toa kumi na nne, toa tena kumi na nne. Hata mapacha, wasichana wa miaka tisa waliochukia hesabu kama dawa chungu, walishaipiga hesabu hiyo na kuja kumwuliza mama yao kama vitabu wavipange kwenye mfuko au kwenye ndoo.

Si kwamba alikuwa amekaa akishika tama. Alinyunyiza pilipili ya unga, mvua ikaiosha. Alitundika vipande vya sabuni; sungura wakavipita. Aliomba nywele kwa kinyozi, gunia zima, akazitandaza kati ya matuta mpaka bustani ikaonekana kama inaota ndevu. Walitega mtego, ukamnasa jogoo wa jirani, ikabidi waombe radhi kwa siku mbili. Mwisho koti la marehemu baba mkwe likavishwa msalaba wa miti, na kesho yake wakakuta kinyesi cha sungura chini ya koti, mahali penye kivuli kizuri.

Ndipo seremala alipojenga ua. Siku tisa, peke yake. Waya wa kuku aliuzika urefu wa mkono chini ya ardhi, ncha akazipinda kwa nje ili mchimbaji akutane nazo. Ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu ajali, na alipogonga msumari wa mwisho alikaa chini akacheka peke yake. Na bado kabichi zililiwa.

"Jirani ana sumu," alisema sasa, bila kumtazama mkewe.

"Watoto mia tatu wale kabichi zenye sumu ili sisi tupate pa kulala? Hapana. Tusiongee tena hilo."

"Basi sema wewe tufanye nini."

"Nitakuonyesha tundu lako lilipo," alisema Mama Pacha. "Nitakuonyesha kwa macho yako."

Alikuwa na njia yake. Kila panya walipoingia jikoni, yeye hakuhangaika kutafuta; alimwaga jivu sakafuni na asubuhi nyayo zilimwambia wamepitia wapi. Jioni ile alizoa jivu lote la jiko la shule, ndoo sita, akachora mkanda mpana kuzunguka ua, mmoja nje na mmoja ndani. Mama mkwe wake alisimama mlangoni akimtazama.

"Unamtafutia mume wako kosa au unamtafuta sungura?"

"Vyote viwili, mama, nitakachokipata kwanza."

"Haya. Ukipata la mwanangu, uniite nije nione. Ni adimu."

Jumapili, jua lilipoanza kuchomoza, Mama Pacha alizunguka ua kwa nje. Nyayo zilikuwepo, tena nyingi. Sungura wa porini walikuja mpaka kwenye waya, wakafukua kidogo, wakageuka, wakaenda zao. Alipiga magoti akafuata kila unyayo kwa kidole. Hakuna hata mmoja uliovuka.

Akaingia ndani. Huko jivu lilikanyagwa kama uwanja wa mpira. Na katikati ya matuta, sungura watatu waliinua vichwa, taya zikitafuna bila haraka. Mama mkwe, aliyekuja nyuma na ufagio, aliwarukia kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua anazo, akapiga kabichi ikapasuka katikati.

"Nimemkosa," alisema akihema.

Lakini Mama Pacha hakuitazama kabichi. Aliwatazama sungura. Hawakukimbilia ua. Walikimbilia kona ya mbali, kwenye rundo la fimbo zake za kupandishia maharage, wakazama humo mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaoingia kwao.

Lile rundo lilikuwepo kabla ya ua. Seremala alitaka kuupitisha ua mstari ulionyooka na kuliacha rundo nje. Yeye ndiye aliyekataa, kwa sauti ambayo majirani waliisikia, kwamba fimbo zake zitaibwa. Vuta ua ulizunguke rundo! Mumewe aliuvuta, ua ukatoka kitambi upande ule, na mapacha wakawa wanaucheka. Humo kitambini ndimo sungura walimokuwa wakiishi. Siku zote tisa za nyundo walikuwa chini ya zile fimbo wakisikiliza, na yeye akawajengea nyumba, akawafungia, akawapa chakula.

Seremala alikuwa amefika. Alitazama jivu la nje, akatazama la ndani, akatazama rundo. Aliona yote. Mama Pacha alimsubiri aseme. Angekuwa yeye, angesema, tena mara mbili.

"Zimebaki ngapi?" mumewe aliuliza tu.

"Mia na tisa. Mia na nane, ukiitoa hii ya mama. Ni mimi. Rundo ni langu, kitambi ni changu. Ua wako hauna tundu."

"Najua."

"Nimekutukana wiki nzima."

"Hilo nalo najua."

"Basi tulibomoe rundo tuwapige," alisema mama mkwe.

"Wakitoka humo watakimbilia wapi, mama? Lango liko kule juu, kwenye mbwa wa jirani. Watazunguka humu humu mpaka wavunje kila kichwa. Na wewe na ufagio wako." Mama Pacha akamgeukia mumewe. "Wakae huko huko. Mchana hawatoki. Tuwafungie nje ya bustani, pale pale ulipotaka kupitisha ua."

"Kwa waya gani?" seremala aliuliza. "Umekwisha wote. Ule wa kitambi nimeuzika siku tatu. Kuufukua na kuuzika upya leo, kwa mkono huu, siwezi. Jua likizama watatoka kula."

Mama Pacha alipima kwa hatua kutoka bega moja la kitambi hadi la pili. Hatua tisa. Akageuka akaitazama nyumba. Mlango wa mbele, wa jikoni, wa vyumba viwili. Mbao nzito, za zamani, ndefu kuliko mtu.

"Ng'oa milango," alisema.

"Mke wangu. Ni milango ya shule."

"Najua ni ya nani. Ilaze kwa ubavu kwenye mtaro nitakaouchimba, minne, itafika."

"Msimamizi anakuja kesho! Atakuta nyumba iko wazi kama ghala."

"Anakuja kutazama milango au kabichi? Akikuta kabichi, utairudisha. Asipokuta, itafungwa na watu wengine."

"Na mimi nitalala mlango wazi?" mama mkwe aliuliza.

"Utalala na pazia, mama. Nami nitakaa kizingitini."

Seremala akaenda kuchukua bisibisi. Mama Pacha alitwaa jembe na kuanza mtaro, haraka, bila kunyoosha mgongo, mapacha wakitoa udongo kwa ndoo. Mlango wa jikoni ulikuja kwanza. Ukafuata wa chumba cha mama mkwe, aliyeusindikiza kwa malalamiko njia nzima, kisha wa chumba cha pili. Waliisimamisha kwa ubavu ndani ya mtaro, magoti chini, wakaifunga kwa misumari kichwa kwa mkia, na mtu yeyote aliyepita barabarani angesema watu wa nyumba ile wamerukwa na akili.

Saa sita mlango wa mbele ulitoka kwenye bawaba zake. Waliubeba wawili, yeye mbele, mumewe nyuma, wakautia kwenye nafasi iliyobaki. Uliingia kwa kubana. Kutoka ndani ya fimbo kulisikika kitu kikigonga ardhi mara mbili, kwa hasira.

"Udongo," alisema Mama Pacha, akaanza kuufukia mtaro, kabichi mia na nane zikiwa upande wao na sungura upande wa pili.