Pumzi za Mzee Feni

Mzee Feni, Mungu amrehemu, alitunga muziki usio na ngoma, usio na maneno, na kwa kauli ya mkewe, usio na haraka ya kwenda popote. Sauti moja inavutwa weee, mpaka maji ya chai yachemke, ndipo inaingia ya pili kwa kunyata, kama mume aliyechelewa kurudi nyumbani. Jina hilo majirani walimpa siku waliyomkuta amepiga magoti mbele ya feni, kaielekezea kinasa sauti kama daktari anayempima mgonjwa. Wakamcheka mpaka mbavu zikawauma. Halafu hao hao wakaja kuomba nakala, maana watoto wao walilala nayo fofofo.

Kazi yake ya mwisho aliirekodi akiwa hoi kitandani, kinasa sauti kifuani. Chini ya muziki unamsikia anahema. Tangu azikwe, mkewe aliifungua kila jioni kwenye kompyuta aliyoiacha, akajilaza upande wake wa kitanda, akafumba macho. Muziki wenyewe, tuambiane ukweli, hakuwa akiusikiliza. Alikuwa analala na mumewe.

Kompyuta ya marehemu ilipoanza kuzimikazimika, binti yao akaipeleka kwa fundi wa studio, yule anayetengeneza matangazo ya maduka, ahamishie ule muziki kwenye flashi. Siku alizoshinda bila huo muziki, mama hakupata hata lepe la usingizi. Macho yakamvimba, chumvi akaitia kwenye chai. Simu ya fundi ilipokuja, alitangulia mlangoni kabla binti hajavaa viatu.

"Karibuni, karibuni!" Fundi alichangamka kama mwenye harusi. "Kompyuta imenikatia roho mikononi, lakini msiwe na wasi, muziki niliuwahi. Tena mama nimekufanyia hisani. Nimeusafisha. Bure kabisa."

"Umeusafisha na nini, mwanangu? Sabuni?"

Fundi akacheka. "Makelele, mama. Kulikuwa na mtu anahema humo ndani mwanzo mpaka mwisho. Nimemtoa."

Binti akajiziba mdomo. Mama akasimama tu, mkoba mkononi, kama mtu aliyesahau alichofuata.

"Mrudishe," akasema.

"Nani?"

"Huyo uliyemtoa. Ni mume wangu. Mrudishe."

Uso wa fundi ukasinyaa. Akaigeukia mitambo yake, akabofya huku, akabofya kule. Muziki safi ulikuwa umehifadhiwa juu ya ule wa zamani, na wa zamani haukuwepo tena. Akatafuta kwenye takataka za kompyuta, lakini alishazimwaga. Yeye ni mtu nadhifu, sifa ambayo siku hiyo haikumfaa mtu. Akaifungua ile kompyuta ya marehemu kwa bisibisi, akaipuliza, akaibembeleza, akaiwasha. Kimya.

"Hii imekufa, mama."

"Hata yeye waliniambia hivyo hivyo, na nikaendelea kulala naye."

"Nisamehe, mama yangu. Nilidhani ni kasoro."

"Kasoro alikuwa nazo tele. Hiyo haikuwemo." Akashuka chini, goti moja kisha la pili, palepale kwenye nyaya. "Jaribu tena, baba. Nakuomba."

"Mama, inuka, watu wanatuona!"

"Waone."

Fundi naye jasho linamtoka. Katika kuhangaika akasema labda warekodi mtu mwingine, wampachike palepale alipokuwa mzee. Akahema mwenyewe kwenye maikrofoni.

"Huyo kapanda ngazi," mama akasema.

Binti akajaribu.

"Huyo analia."

Basi mama akainuka, akaishika maikrofoni kwa mikono miwili. Marehemu alikuwa anavuta, anasita katikati kama mtu aliyekumbuka hakufunga mlango, kisha anaachia taratibu. Mkewe alikijua kituo hicho kuliko jina lake. Akavuta, akasita, akaachia. Fundi alipomrudishia asikilize, alitega sikio muda mfupi tu.

"Ni bibi kizee peke yake chumbani. Futa."

"Mimi leo sifuti kitu tena," fundi akasema, mikono kaificha mgongoni.

"Basi fungua ule uliousafisha. Labda kuna mahali ulipitiwa. Hata pumzi moja."

Akaufungua. Sauti ikavutwa weee, safi kama sahani kabatini. Mama akainama, sikio kwenye spika, mkono mmoja juu: mtu asiongee. Akabana na pumzi zake mwenyewe, zisije zikamfunika akipita. Sauti ya pili ikaingia. Mishipa ikamsimama shingoni, macho yakamtoka, na mkono bado uko juu.

"Mama." Binti alimshika bega, akamtikisa. "Mama, hema."