Chura Ambaye Hakulala Majini

Chura alikuwa chini kabisa ya karai. Jana yake jioni nilimweka juu ya maji akaelea vizuri tu, hata nikajidanganya kwamba huenda mambo si mabaya. Asubuhi nikamkuta amezama. Nikakaa kwenye kiti changu cha ufundi, mikono magotini, nikajua ni mimi niliyemtia Murithi kinywani mwa mamba.

Hakuwa chura wa Mungu. Alikuwa wa plastiki, kazi ya mikono yangu. Mimi ni fundi viatu hapa Kiritiri, na wapo waliosema nimeingilia uchawi waliponikuta nikipika sandak kwenye mkebe wa mafuta ya Kimbo. Waseme. Sandak zilikuwa vile viatu vya plastiki tulivyovaa sote, vikikatika havishoneki, na mimi nilikuwa na gunia zima nyuma ya kibanda. Ukiziyeyusha na mafuta kidogo ya kupikia, hutoka kitu laini, kinachonesanesa kikibonyezwa. Nilichonga chura kwa kipande cha sabuni, nikamkandamiza kwenye udongo wa mfinyanzi, nikapata kalibu. Moshi wake, wee! Mpaka leo nikikohoa najua nakohoa nini.

Wazo lilikuwa la Murithi. Alitoka Kianjokoma, huko juu kwenye chai na baridi, akashuka kwetu Mbeere kupakia mchanga kwenye malori, kisha akaanza kuvua kambare bwawani. Alikuwa ameacha pombe miaka miwili. Aliniambia aliapa mbele ya mkewe, Kagure, na kwamba kule nyumbani angevutwa ndani na kila mlango wa baa anaoupita, afadhali akae huku kwenye joto na samaki. Mtu wa milimani huyo, kuogelea hakujua hata kidogo. Nilimcheka sana.

"Cheka tu, Fundi," alikuwa akisema. "Ndiyo maana nataka chura anayeelea."

Alikuwa na haki. Bonde lile lilipojazwa maji kuwa bwawa, migunga ilizama ikiwa imesimama, na hadi leo iko humo chini na miba yake. Chambo kikizama, ndoana hushika mti. Ndoana nzuri zilikuwa adimu, basi mtu huingia majini kwenda kuinasua, na humo ndani kuna mamba. Lakini kambare hupanda juu kumfuata chura. Chura akielea, mvuvi hubaki ukingoni na miguu yake miwili.

Kwa hiyo ndani ya tumbo la kila chura nilitia kipande cha patipati kuukuu, kile kisponji chepesi cha soli. Hapo ndipo palikuwa na kazi. Plastiki ikiwa moto kupita kiasi, sponji hunywea ndani na kuacha shimo. Chura wa namna hiyo huelea kwanza, maana shimo lina hewa, halafu maji hupenya polepole kwenye tundu la ndoana. Huwezi kumjua kwa macho. Ndiyo sababu Murithi aliweka sharti: kila chura alale majini usiku mmoja kabla ya kutoka kibandani. Aliyeamka juu, anakwenda. Aliyezama, anarudi mkebeni. Tulifanya hivyo karibu mwaka mzima na hakuna siku niliyompa chura mbaya.

Siku yenyewe ilikuwa ya soko, mwaka wa tisini na mbili. Watu walijaa kibandani, huyu anataka kisigino, yule anataka zipu ya mkoba, na mimi asubuhi ile nilikuwa nimemimina vyura wawili haraka haraka katikati ya kelele zao. Sikungoja mkebe uache kufuka moshi. Murithi akaja, akamchukua mmoja, akamgeuzageuza.

"Huyu amelala majini?"

"Amelala."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Najua, acha nisiseme sijui. Nilikuwa nimechoka, tena niliona aibu kumwambia mtu aliyeniamini kwamba sikufanya kazi yake. Akanishukuru, akaenda zake. Yule wa pili alibaki rafuni, na ndiye niliyemtia kwenye karai siku nne baadaye, walipokuwa wameupata mwili wa Murithi.

Mchunga mbuzi mmoja wa ng'ambo ndiye aliyeshuhudia. Alisema alimwona mtu akiingia majini mpaka kiunoni, anavuta uzi huku akiyumba, kisha hakumwona tena. Kuyumba! Tope la bwawa lile humyumbisha hata ng'ombe. Lakini neno la pombe lilishatoka, likapanda matatu likafika Kianjokoma kabla ya jeneza.

Kagure alinivuta kando siku ya mazishi, nyuma ya jiko, kina mama wakimenya viazi. Macho yake yalikuwa makavu.

"Baba Rwamba, wewe ndiwe uliyekuwa unamtengenezea. Aliniambia hana haja ya kuingia majini kwa sababu ya hao vyura. Huyo chura alielea?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimeliona kwa macho yangu chini ya karai.

"Alielea, Mama Ednah."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi alikuwa amelewa," akasema, na akarudi kwa wageni.

Mungu wangu. Nikamwacha aende na neno hilo. Mhubiri akasimama akatuhubiria juu ya chupa, kwa ufupi, kama mtu anayeogopa kumwaibisha maiti. Kagure hakulia. Wanawake walinong'ona kwamba ana moyo wa jiwe. Mimi nilikula viazi vyao, nikarudi Kiritiri, na sijamimina chura mwingine tena.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka thelathini na mmoja. Ingeendelea, maana mimi ni mwoga, lau Ednah, binti yao, asingealikwa kusema na vijana kanisani kwetu mwaka juzi. Mwalimu mzima, miwani puani. Akasimama mbele akasema: "Baba yangu aliapa kwamba ameacha, na alitudanganya. Pombe ndiyo iliyomzamisha." Nilikuwa benchi la tatu. Nilishindwa kukaa, nikatoka nje, watu wakafikiri ni kifua changu.

Jumatatu nikapanda Kianjokoma.

Kagure nilimkuta barazani akichagua maharagwe kwenye ungo. Amezeeka, lakini alinitambua mara moja. Akataka kuinuka anipikie chai. Nikamwambia akae kwanza, maana nikinywa chai yake sitasema. Nikasema yote: mkebe, haraka, siku ya soko, karai, na lile neno moja nyuma ya jiko. Sikujitetea. Nilipomaliza, vidole vyake vilikuwa vingali ndani ya maharagwe lakini havichagui tena.

"Kwa hivyo hakuwa amelewa."

"Hakuwa amelewa, Mama Ednah. Ndoana ilinasa. Chura wangu alizama."

"Hata kidogo?"

"Asubuhi ile alisimama mbele yangu. Alikuwa mzima kama mimi na wewe."

Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane. Akauweka ungo chini.

"Nimemkasirikia mpaka leo asubuhi," akasema. "Nikipalilia pale kaburini namwambia, wewe mwongo, ulinishikia Biblia kwa mkono wako. Miaka yote hiyo. Hata maua sijawahi kumpandia."

"Nisamehe."

"Wewe ngoja. Sijafika kwako bado."

Akainuka, akajifunga leso kiunoni, akashuka kati ya mibuni kwenda kule kaburi lilipo. Mimi nikabaki na kofia yangu mkononi. Kisha ukatoka ukemi, ule wa mwanamke aliyeletewa habari sasa hivi, ukapanda bonde zima, kuku wakatawanyika.

Jirani akaja mbio akiruka ua, mwanamke kijana, mikono imejaa unga. Akanikuta mimi, mzee asiyemjua.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Mumewe," nikasema. "Ni Murithi."