Kitambi Kwenye Pazia

Jumatatu asubuhi fundi cherehani alipanda juu ya kiti katika ofisi ya mkuu wa shule, akalitundika pazia alilokuwa amelifua na kulipiga pasi kwa mara ya pili. Marinda tisa yalitii. La kumi lilivimba tena, kuanzia mabegani hadi mapajani, kama vile kuna mtu amejibanza nyuma yake. Nyuma yake kulikuwa na dirisha tu.

Pazia lilianza kuvimba siku ile bahasha ya karatasi za mtihani ilipoibwa kabatini. Kwa wizi huo alifukuzwa matroni, dada mkubwa wa fundi, kwa kuwa jioni hiyo aliingia kufunga madirisha na hakuonekana mwingine. Tangu hapo dada mtu analala kwenye chumba cha cherehani, na huamka kwa kengele ya shule isiyomhusu tena.

Fundi alimshuku kila mtu, hata kiti alichokanyaga. Alivua tepu shingoni, akaupima uvimbe. Kiuno, inchi arobaini na nne. Bega la kushoto limeshuka inchi moja. Daftari la vipimo hakulihitaji: suruali za makamu mkuu alizishona yeye, na kila mwaka alizitanua.

"Mwalimu," alisema, "huyu ni makamu wako."

Mkuu alilitazama pazia, kisha akamtazama makamu aliyekuwa kando anakunywa chai. Akakiri kwamba wanafanana.

"Lakini fundi, pazia nitaliitaje kutoa ushahidi mbele ya kamati?"

"Na dada yangu je?"

"Barua yake imeshagongwa muhuri."

Makamu alishauri kitambaa kizito zaidi. Hiki chepesi, alisema, kinadaka kila kitu.

Fundi akashona kizito, chenye bitana, na vipande vya chuma ndani ya upindo. Siku mbili kilisimama wima kama mlinzi mgeni. Siku ya tatu kitambi kikarudi, safari hii na bahasha kwapani.

Siku hizi mwanafunzi anayeitwa ofisini huliamkia pazia kwanza, kisha makamu, asije akaonekana hana adabu. Makamu huitikia marahaba mara mbili. Jioni madirisha hubaki wazi, maana aliyekuwa akiyafunga yuko kwa mdogo wake, anamshikia ncha ya pili ya kitambaa.